Jasho Linalodondoka Halikupozi: Sayansi ya Kukimbia Mji Mkongwe

Ukitoka Malindi saa 12 asubuhi, ukapita mbele ya bandari na kufuata barabara ya Mizingani hadi Forodhani, jua hata halijapanda. Wavuvi ndiyo kwanza wanashusha samaki. Hewa si ya moto. Lakini hujafika Shangani, fulana imeshagandana na mgongo, jasho linachuruzika mpaka kwenye viatu, na moyo unadunda kama vile unapanda mlima. Mwenzako aliyekimbia Iringa wiki iliyopita kwa mwendo huohuo anakuapia kwamba kule alipiga soga njia nzima. Kimebadilika nini?

Jibu la haraka ni "joto la pwani". Si jibu baya, ila halitoshi, na kutotosha kwake kuna hatari. Siku hizi mbio za barabarani zimejaa kwetu. Kuna Zanzibar International Marathon, kuna mbio za hisani, kuna vikundi vya mazoezi vya kila mtaa. Wengi wetu si wanariadha. Ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara, wanafunzi. Hatuna kocha wala daktari wa kutufuata. Kwa hiyo ni vizuri kila mmoja wetu ajue mwili wake unafanya nini katika hewa hii, maana siku ukishindwa kujipoza, dakika huwa chache.

Mwili wako ni jiko

Hebu tupige hesabu kidogo. Kanuni ya jumla katika sayansi ya michezo ni kwamba kukimbia kilomita 1 kunatumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 10 anatumia kama kilokalori 700. Misuli yetu ni kama injini ya gari: nishati nyingi haiendi kwenye mwendo. Angalau robo tatu inaishia kuwa joto tu. Yaani, ndani ya saa moja hivi, umezalisha zaidi ya kilokalori 500 za joto ndani ya mwili wako mwenyewe.

Je, joto hilo lingebaki humo humo? Kupandisha joto la mwili wa kilo 70 kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunahitaji karibu kilokalori 58. Gawanya: ni nyuzi 9. Ungeanza Malindi ukiwa na nyuzi 37 na kumaliza ukiwa na 46. Hakuna binadamu anayefika huko akiwa hai.

Kinachotuokoa ni jasho. Lita 1 ya jasho ikigeuka mvuke yote juu ya ngozi inaondoka na karibu kilokalori 580 za joto. Kwa hesabu hiyo, lita moja tu ingetosha kwa kilomita zako 10. Lakini rudia kusoma maneno haya: *ikigeuka mvuke*. Jasho halikupozi kwa sababu ni maji. Linakupoza kwa sababu linapogeuka mvuke linabeba joto la ngozi na kuondoka nalo. Ni mambo yale yale ya mtungi wa udongo: maji yanapenya ukutani taratibu, yanakauka kwa nje, na yaliyobaki ndani yanakuwa baridi. Mtungi ukiwekwa mahali ambapo ukuta wake haukauki, maji yake hayapoi.

Basi tone la jasho lililoanguka kwenye lami ya Mizingani limechukua maji yako na chumvi yako, joto likakuachia. Ndiyo maana unaweza kulowa chapachapa na bado ukawa unachemka.

Asilimia inayodanganya

Sasa tuje kwenye hewa. Simu yako ikikuambia asubuhi kwamba unyevu ni asilimia 90, na mchana ni asilimia 65, ni rahisi kudhani kwamba mchana hewa ni kavu zaidi. Wapo wanaosema kabisa: "Mchana jasho linakauka vizuri, bora nikimbie mchana." Hapa asilimia inatupiga chenga.

Asilimia hiyo haisemi kuna mvuke kiasi gani hewani. Inasema hewa imejaa kiasi gani ikilinganishwa na uwezo wake, na uwezo huo unakua kadiri joto linavyopanda. Meta moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 25 inaweza kubeba gramu 23 hivi za mvuke. Hewa ya nyuzi 32 inaweza kubeba karibu gramu 34. Kwa hiyo:

– Asubuhi: nyuzi 25, unyevu asilimia 90. Mvuke uliomo: karibu gramu 21.
– Mchana: nyuzi 32, unyevu asilimia 65. Mvuke uliomo: karibu gramu 22.

Umeona? Ni hewa ile ile. Bahari inayotuzunguka inaijaza mvuke usiku na mchana, kinachobadilika ni ukubwa wa chombo tu.

Na ngozi yako je? Ngozi iliyolowa yenye nyuzi 35 ina tabaka jembamba la hewa juu yake lenye mvuke wa karibu gramu 40 kwa kila meta ya ujazo. Mvuke hukimbia kutoka palipojaa kwenda palipo na nafasi. Tofauti kati ya 40 na ile iliyomo hewani ndiyo inayovuta jasho likauke. Asubuhi Mji Mkongwe tofauti hiyo ni 19. Mchana ni 18. Sasa chukua bara palipokauka, tuseme Dodoma wakati wa kiangazi, nyuzi 32 na unyevu asilimia 30. Mvuke uliomo ni gramu 10 tu, na tofauti ni 30. Joto ni lile lile la mchana wetu, lakini jasho linavutwa zaidi ya mara moja na nusu. Ndiyo maana mtu wa Dodoma anamaliza mbio ana chumvi nyeupe usoni, na wewe unamaliza kama umetoka kuogelea.

Kwa hiyo ushauri wa kukimbia alfajiri ni sahihi, ila sababu yake siyo jasho. Alfajiri hakuna jua la kukuongezea mzigo, na hewa ya nyuzi 25 inachukua joto moja kwa moja kutoka ngozi ya nyuzi 35, hata bila jasho. Mchana wa nyuzi 32 mlango huo umebaki nafasi ya nyuzi 3. Jioni saa 11 hali huwa katikati: jua limelegea, lakini kuta za mawe na lami zilizokaangwa kutwa bado zinatoa joto.

Upepo wa bure, na upepo unaoulipia

Jasho linapokauka linaacha tabaka la hewa iliyojaa mvuke juu ya ngozi. Lisipopeperushwa, linakuwa kama blanketi. Kwa hiyo upepo ni nusu ya kazi.

Fikiria njia maarufu ya kutoka Malindi kwenda Bububu kwa kupitia Maruhubi na Mtoni, kama kilomita 10 kwenda. Ni mwelekeo wa kaskazini. Msimu wa kaskazi, Disemba hadi Machi, siku upepo ukiwa umeamka utakupiga usoni wakati wa kwenda. Utalalamika kwamba unakurudisha nyuma, lakini unakupoza. Shida inakuja wakati wa kurudi. Ukikimbia kilomita 10 kwa saa, na upepo nao unavuma kilomita 10 kwa saa mgongoni mwako, kwa ngozi yako hakuna upepo kabisa. Miguu inafurahi, mwili unapika. Msimu wa kusi mambo yanageuka: unapikwa wakati wa kwenda, unapozwa wakati wa kurudi. Ukijua hilo, unapanga wapi utie mwendo na wapi upunguze.

Vichochoro vya Mji Mkongwe navyo vina kinyume chake. Kuta ndefu zinakupa kivuli, jambo zuri mchana, lakini hewa haitembei. Mbio zinazokatiza ndani ya mitaa ya Malindi na Kiponda zina sehemu ambazo kilomita moja fupi inachosha kuliko mbili za ufukweni.

Wanaopenda njia za msituni na milimani waongeze jambo jingine. Kwenye njia tambarare, mwendo wako wenyewe unakutengenezea upepo. Ukipanda mlima, kazi ya misuli inabaki kubwa, lakini kasi inashuka, na upepo wako unashuka nayo. Kwenye Kilimanjaro Marathon kule Moshi, sehemu ya kupanda kuelekea Mweka inawashangaza watu wengi waliojiandaa kwenye barabara tambarare. Msitu kama wa Jozani nao una kivuli kizuri, lakini chini ya miti upepo hauna nguvu, na majani yenyewe yanaongeza mvuke hewani. Kivuli kinapunguza mzigo wa jua. Hakikaushi jasho.

Kwa nini moyo unadunda kwa mwendo ule ule

Damu yako ina kazi mbili unapokimbia: kupeleka oksijeni kwenye misuli, na kupeleka joto kwenye ngozi likatoke. Kwenye baridi kazi ya pili ni ndogo. Hapa kwetu ngozi inadai fungu kubwa. Wakati huo huo jasho linapunguza maji kwenye damu, kwa hiyo kila pigo la moyo linasukuma damu kidogo zaidi ya pigo lililopita. Moyo unafidia kwa kupiga haraka. Ndiyo maana kwenye saa yako mapigo yanaendelea kupanda kilomita baada ya kilomita, ingawa kasi haijabadilika. Hujawa mvivu wala hujapungukiwa mazoezi. Ni mabomba tu, yamegawana damu.

Na hili haliwaachi hata mabingwa. Mwaka 2019, kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha kule Doha, marathoni ya wanawake ilianzishwa dakika moja kabla ya saa 6 usiku ili kukwepa jua. Joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 30, na unyevu zaidi ya asilimia 70. Walianza wanawake 68, miongoni mwa wakimbiaji bora duniani. Waliomaliza ni 40. Jua halikuwepo, lakini mvuke ulikuwepo.

Chukua na mfano wa kwetu. Aprili 2025, Alphonce Simbu alishika nafasi ya pili Boston kwa saa 2:05:04. Septemba mwaka huo huo, kwenye joto na unyevu wa Tokyo, alitwaa ubingwa wa dunia kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari kabisa, wote wakipewa muda huo huo. Ni kweli njia hazifanani, na mbio za ubingwa zina hesabu zake. Lakini hakuna aliyemwambia Simbu kwamba dakika 4 na ushei zilizoongezeka ni aibu. Amerudi na dhahabu. Bingwa wa dunia akipunguza mwendo kwa ajili ya hewa, wewe na mimi tunamringia nani?

Kipimo rahisi: kilomita 3 za mwanzo uweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa, punguza, saa ya mkononi iseme inavyotaka.

Mbio fupi nazo zinaua

Watu wengi wanadhani kiharusi cha joto ni ugonjwa wa marathoni. Hebu tazama Falmouth, mbio za barabarani za Marekani zinazofanyika mwezi Agosti. Urefu wake ni kilomita 11 na kitu tu. Watafiti waliochambua kumbukumbu za miaka 18 za mbio hizo walikuta kesi 274 za kiharusi cha joto. Sababu inaeleweka ukirudi kwenye jiko letu: mbio zikiwa fupi unakimbia kwa kasi zaidi, na kasi ndiyo inayozalisha joto kwa kila dakika. Kilomita 10 za Jumapili, na zawadi mbele, zinatosha.

Lakini utafiti huo una habari njema kubwa: wote 274 walipona. Siri yake haikuwa dawa ya gharama. Walitumbukizwa kwenye mabeseni makubwa ya maji ya barafu palepale kwenye mstari wa kumalizia, ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo zishike dalili hizi. Mkimbiaji anayumba, anajibu ovyo, anagombana bila sababu, hajui yuko kilomita ya ngapi, au anaanguka. Usidanganyike kwamba "bado anatoka jasho, yuko sawa". Kwenye kiharusi cha joto cha mazoezi mara nyingi jasho bado linatoka. Usiamini pia kipimajoto cha kwapani, ngozi inaweza kuwa imepoa huku ndani kuna nyuzi 41.

Kanuni ni hii: poza kwanza, safirisha baadaye. Piga simu ya msaada, lakini usisubiri gari ukiwa umekunja mikono. Ukiwa na beseni au pipa kubwa, mtie kwenye maji ya barafu hadi kifuani, mtu mmoja amshike kichwa na mabega asizame. Huna beseni? Mmwagie maji mfululizo mwili mzima, mfunike taulo zilizolowa maji ya barafu kichwani, shingoni, kwapani na mapajani, na uzibadilishe kila zinapopata joto. Usimpeleke baharini, mtu aliyechanganyikiwa anazama. Usimlazimishe kunywa kama akili haijakaa sawa. Lengo ni kumpoza ndani ya nusu saa. Kila dakika inayopita akiwa juu ya nyuzi 40 inaumiza ubongo, ini na figo.

Na sisi wa Malindi tuna bahati ambayo wengi hawana. Hapa bandarini na sokoni kwa samaki, barafu ni bidhaa ya kila siku.

Maji: kidogo ni shida, mengi ni shida

"Kunywa maji mengi" ni ushauri wa nia njema, lakini nao una mpaka. Kwenye Boston Marathon ya 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 baada ya kumaliza. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kawaida, na watatu walikuwa katika hali ya hatari kabisa. Ishara kubwa iliyowatambulisha ilikuwa kwamba walizidi uzito mbioni. Walikunywa kuliko walivyotoa. Damu ikizimuliwa hivyo, maji yanaingia kwenye seli za ubongo na kuzivimbisha. Walio hatarini zaidi ni wanaokimbia polepole, yaani sisi, kwa sababu tuna muda mrefu wa kunywa kila kituo.

Njia ya kujua kiasi chako ni rahisi. Jipime uzito kabla ya kukimbia saa moja, na ujipime tena baada ya kujifuta jasho. Kila kilo uliyopungua ni takriban lita moja, ongeza ulichokunywa njiani. Fanya hivyo siku mbili tatu, utaijua tabia ya mwili wako. Siku ya mbio, kunywa kwa kiu, wala usikubali kumaliza ukiwa mzito kuliko ulivyoanza.

Na madafu? Ni kinywaji kizuri, kina potasiamu nyingi, lakini jasho linatoa zaidi sodiamu, yaani chumvi ya kawaida. Basi baada ya mbio ndefu, dafu lako liandamane na kitu chenye chumvi. Bakuli la urojo au supu ya pweza linafanya kazi hiyo vizuri kuliko unavyofikiri.

Kuishi kwenye joto siyo kulizoea

Mwisho kuna dhana hii: "Mimi nimezaliwa Unguja, joto nimelizoea." Umelizoea kwa kukaa, pengine chini ya feni. Mwili hujifunza kukimbia kwenye joto kwa kukimbia kwenye joto. Siku 7 hadi 14 za mazoezi mepesi zinatosha kuleta mabadiliko makubwa: maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema na linapoteza chumvi kidogo, mapigo ya moyo yanashuka. Ukiacha wiki chache, faida inayeyuka. Kwa hiyo ukitoka masomoni Ulaya au mapumzikoni Lushoto, usiingie mbioni Jumapili ya kwanza.

Mavazi nayo yahesabiwe. Dada zetu wanaokimbia kwa hijabu na mikono mirefu hawahitaji kuyaacha, ila kitambaa kiwe chepesi, kipana na kisichoshika maji. Pamba nzito ikilowa inajigandisha mwilini na kuzuia hewa kupita.

Hayo yote yako mikononi mwako: mwendo, saa, nguo, maji. Moja haliko. Kabla hujalipia mbio yoyote ijayo, iwe ya barabarani au ya msituni, muulize mwandaaji swali hili: beseni la maji ya barafu litakuwa wapi, na nani amepewa kazi ya kulisimamia? Akikuonyesha, jiandikishe. Akikuambia "ambulansi itakuwepo", mwambie kwa upole kwamba gari linakuja la pili, barafu inatangulia.